D. O. Misiani: Gita lilivunjwa, nyimbo zikabaki

Anayetaka kujua jinsi wimbo wa zamani unavyomrudisha mzee kwenye ujana wake, na afike Migori au Homa Bay jioni moja watu wakiwa wamepumzika. Redio ikianza tu kutoa gita la D. O. Misiani, mazungumzo hukatika. Mzee aliyekuwa akilalamikia magoti hunyosha mguu na kuanza kufuata mapigo. Mama aliye jikoni humtaja kaka yake aliyefariki zamani, yule aliyeleta gramafoni ya kwanza bomani. Vijana nao huuliza maswali, na kabla wimbo haujesha nusu ya ukoo imekwisha kutajwa.

Jambo hili si la Wajaluo peke yao. Huko Marekani na Uingereza, wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 hububujikwa na machozi wanaposikia roki ya Elvis Presley au Chuck Berry. Muziki huo ulipoanza, wazazi wengi waliuchukia na kuuita muziki wa kihuni. Dansi ya twisti nayo ilivuka bahari ikafika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Daudi Kabaka akaitungia nyimbo za Kiswahili zilizotamba Afrika Mashariki nzima. Lakini kandokando ya Ziwa Viktoria, gita hilo hilo la umeme lilifundishwa lugha nyingine. Lugha hiyo ni benga, na mmoja wa waliolifundisha ni hayati Daniel Owino Misiani.

MTOTO WA MPAKANI

Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari mwaka wa 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, mkoani Mara, Tanzania. Hapo si mbali na Migori. Mpaka unaotenganisha pande hizo mbili ulipangwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19, mstari wao ukalifikia ziwa kwenye digrii moja kusini mwa Ikweta. Wajaluo waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa. Wakajikuta ndugu mmoja yuko huku na mwingine yuko kule, lugha ni moja, samaki ni wale wale, na misiba ni ile ile.

Kwa hivyo wakazi wa Migori walipokuja kumwita Misiani mtu wao, hawakuwa wameiba mtoto wa watu. Kwao alikuwa jirani wa ng'ambo ya mstari tu.

Wazazi wake walikuwa waimbaji, tena watu walioshika dini kwa bidii. Kijana Owino alikua akiimba, na jambo hilo halikuwa na ubaya wowote nyumbani. Ubaya ulikuja alipochukua gita. Siku hizo gita lilihesabiwa kuwa ndugu wa pombe na dansi za usiku. Kijana mwenye gita, wazee walisema, hatashika jembe, hatachunga ng'ombe na hataoa mke wa maana. Baba yake alipoona mwanawe hasikii, alilichukua gita hilo la kwanza akalivunja.

Wengi wetu tungesikia kisa hicho na kumlaumu mzee huyo. Lakini tusimhukumu haraka. Alikuwa mzazi aliyeogopa kumpoteza mtoto, na hakuwa na njia ya kujua kuwa siku moja nyimbo za mwanawe zingehifadhi majina ya akina baba wengi kama yeye. Gita lilivunjika, lakini hamu haikuvunjika. Katika miaka ya 1960 Misiani alivuka mpaka akaingia Kenya kutafuta riziki kwa muziki.

NYATITI YAINGIA KWENYE UMEME

Kenya wakati huo ilikuwa na magita mengi. Askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili walikuja nayo, na wapigaji mashuhuri kutoka Kongo kama Mwenda Jean Bosco walikuwa wamewafundisha vijana wengi kupiga kwa vidole badala ya kukwaruza nyuzi zote kwa mara moja. Vijana wa Nyanza walipoyashika magita hayo, masikio yao yalikuwa yamekwisha kujaa sauti nyingine, nayo ni ya nyatiti.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga ubao wa chombo chenyewe huku akiimba. Mtu mmoja hufanya kazi ya bendi nzima. Ndiyo kazi ambayo wapigaji wa benga waligawana. Gita la solo likachukua nyuzi za juu na kujibizana na mwimbaji. Gita la besi likashika sauti nzito, likaruka na kukimbia badala ya kujificha nyuma. Ngoma zikachukua nafasi ya ile pete ya chuma. Mwimbaji husimulia kwanza, kisha hunyamaza, na magita hupanda kasi hadi wachezaji wajisahau.

Nani hasa aliyeanzisha benga? Swali hilo limezua ubishi mkubwa katika mabaa ya Nyanza. Kuna wanaomtaja John Ogara, wengine humtaja George Ojijo, na wengine Nelson Ochieng' aliyejulikana kama Nelly. Hatutaumaliza ubishi huo hapa. Lakini hakuna anayeweza kuusimulia mwanzo wa benga akamruka Misiani. Kundi lake lilibadili jina mara kadhaa, na mwishowe likajulikana kila mahali kama Shirati Jazz. Hata alipokuwa Kenya, jina la nyumbani lilisafiri naye.

MAJINA NDANI YA SANTURI

Nyimbo hizo zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha kisa kizima, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Kisa kikifika pahali patamu, muziki ulikatika, na ilibidi mtu ainuke kugeuza santuri. Katika nyumba nyingi kazi hiyo ilikuwa ya mtoto aliyeaminiwa kuwa na mikono mikavu na adabu. Watoto hao sasa ni wazee wenye mvi, na bado wanakumbuka ni neno gani lililokuwa la mwisho kabla ya kugeuza.

Lakini kilichozifanya nyimbo hizo ziwe mali ya familia si santuri zenyewe. Ni majina. Katika mila ya Wajaluo kuna pakruok, yaani mtu kujisifu na kusifiwa hadharani wakati muziki unapigwa. Muziki husimamishwa kidogo, mtu akatoa fedha, akajitaja yeye, mamake, wakwe zake na marafiki zake, kisha muziki ukaendelea. Wanamuziki wa benga waliichukua desturi hiyo wakaiingiza studioni. Wimbo ukamsifu mwalimu fulani, mvuvi fulani, binti wa mtu fulani. Kijiji kikatajwa, na mto, na ukoo.

Hebu fikiria maana yake kwa boma ambalo halikuwa na picha hata moja. Babu hakupigwa picha, hakuandika barua, na kaburi lake halina jiwe lenye jina. Lakini jina lake limo katika santuri, limeimbwa na sauti ya mtu mashuhuri, na kila linapopigwa mjukuu hulisikia. Ndiyo sababu nyimbo za Misiani zinawatoa watu machozi hata zile za kuchekesha. Mtu hasikii burudani tu. Anasikia kwao.

Biashara ya santuri nayo ilikuwa kubwa. Mmoja wa matajiri wake alikuwa Phares Oluoch Kanindo, aliyefyatua santuri za bendi nyingi za benga na baadaye akawa mbunge wa Homa Bay. Santuri zake zilifika hadi Zimbabwe, ambako watu walizipenda mno hata muziki wa gita wa huko ukaitwa sungura, jina la mojawapo ya lebo zake. Huku nyumbani, mvuvi aliyepata ngege wengi na mkulima aliyeuza miwa hawakukosa kutenga shilingi kidogo kwa ajili ya santuri mpya. Redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa na vipindi vya Kijaluo, na wimbo uliopigwa asubuhi ulikuwa umekwisha kukaririwa jioni.

MFALME WA HISTORIA

Mashabiki walimpa Misiani jina la Mfalme wa Historia, na hawakumwonea. Nyimbo zake zilikuwa zimejaa visa vya kale, mafumbo ya wanyama na hadithi kutoka katika Biblia. Hapo ndipo msomaji ataona jambo la ajabu. Kijana aliyevunjiwa gita kwa sababu ya dini hakuitupa dini ya wazazi wake. Alikwenda nayo katika kumbi za dansi. Manabii na wafalme aliowasikia utotoni aliwaingiza katika benga, na wanywaji wakawasikiliza wakiwa wameshika chupa. Gita la baba lilivunjwa, lakini mafundisho ya baba hayakuvunjika.

Mafumbo hayo yalimletea matatizo. Akiimba juu ya mnyama fulani mlafi, wasikilizaji walicheka na kutazamana, kila mmoja akijua ni mkubwa gani aliyekusudiwa. Wakubwa nao walijua. Misiani alikamatwa na polisi zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake, akaachiliwa, akarudi kwenye gita lake. Kwa mtu aliyezaliwa nje ya Kenya hilo halikuwa jambo dogo. Angeweza kuimba mapenzi peke yake akaishi kwa raha. Wasikilizaji wake walijua hivyo, na ndiyo maana waliyaamini maneno yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wazungu nao walianza kumtafuta. Mwaka wa 1989 albamu zake mbili zilitoka Uingereza: Benga Blast na Piny Ose Mer, jina ambalo kwa Kijaluo maana yake ni kwamba dunia imelewa. Ng'ambo wakamwita babu wa benga. Lakini sifa za ng'ambo hazikumtajirisha. Wakati huo kaseti zilikuwa zimeiua santuri, na kaseti ilikuwa rahisi kuigwa. Mwizi mwenye mashine mbili aliweza kutoa nakala mia, asimpe mtunzi hata senti moja. Bendi nyingi za benga zilikufa kwa njaa wakati nyimbo zake zikisikika katika kila matatu.

Misiani hakuacha. Aliendelea kutunga na kupiga katika kumbi za Nyanza mpaka uzee ukamkuta akiwa na gita mkononi. Tarehe 17 Mei mwaka wa 2006 aliaga dunia katika ajali ya barabarani huko Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66. Habari zilienea pande zote mbili za mpaka, na kwa siku nyingi redio za Kijaluo hazikupiga kingine ila yeye.

KABLA WENYE KUJUA HAWAJAONDOKA

Leo Migori na Homa Bay ni kaunti, na kijana hahitaji santuri wala gramafoni. Anazo nyimbo hizo katika simu yake ya mkononi, na sehemu ya kwanza na ya pili zimeunganishwa. Hakuna anayeinuka kugeuza. Ni jambo jema, kwa kuwa sauti ya Misiani haitapotea.

Lakini kuna kinachoweza kupotea. Wimbo unataja mtu, na simu haitasema mtu huyo ni nani. Alikuwa mwalimu wa shule gani? Aliyesifiwa pamoja naye alikuwa mkewe au dada yake? Kwa nini mwimbaji anacheka anapofika hapo? Majibu yamo katika vichwa vya wazee wachache, na kila matanga yanapofanyika majibu mengine huzikwa. Wimbo hubaki, jina hubaki, lakini mwenye jina hugeuka kuwa sauti tu.

Basi wewe msomaji uliye na mzazi au babu aliyeicheza benga hiyo, usingoje. Mkalishe, mpigie wimbo mmoja wa Shirati Jazz, na kila jina likitajwa usimamishe muziki umwulize ni nani huyo. Kisha chukua kalamu uandike. Mfalme wa Historia alifanya sehemu yake ya kazi, tena kwa gita la pili baada ya lile la kwanza kuvunjwa. Sehemu iliyobaki ni yetu.