Maisha ya Tabibu Hugh Trowell na Khabari za Maradhi ya Sukari

Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea utabibu katika hospitali ya St Thomas's mjini London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuwa tabibu wa Serikali. Hakuwa Muislamu, hatta baada ya kuacha kazi ya Serikali alikuwa padri wa dini yake. Lakini elimu yenye manufaa haiulizwi kabila lake, na khabari za mtu huyu zamfaa kila aujuaye mwili wake kuwa ni amana.

Alipofika Kenya aliwakuta wenyeji wembamba, wenye miili mikavu. Waliolala katika vitanda vya hospitali walikuwa na homa, vidonda, kifua na njaa. Mgonjwa wa sukari alikuwa nadra mno kuonekana. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akawa akitibu katika hospitali ya Mulago na kuwafundisha vijana wa Makerere kazi ya udaktari. Huko akajulikana kwa kuchunguza unyafuzi, maradhi yanayowavimbisha watoto wasiopata chakula chenye kujenga mwili, na mwaka 1954 yeye na wenziwe wawili wakatoa kitabu juu yake.

Basi ajabu ilikuwa hii: tabibu aliyejulikana kwa maradhi ya kukosa chakula ndiye aliyeanza kuyaona maradhi ya kushiba. Katika miaka ya 1950 watu wanene walianza kuwa wengi mijini. Mwaka 1956 alieleza khabari za Mwafrika wa nchi hizi aliyepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo, mtu mnene mwenye cheo, aliyezoea chakula cha Kizungu. Trowell aliondoka Uganda mwaka 1958, na mwaka 1960 kitabu chake kikataja maradhi yasiyoambukiza yaliyokuwa haba Afrika, na sukari ikiwamo. Aliporudi kuzuru yapata mwaka 1970, alikuta wanene wengi mijini na kliniki za sukari zimejaa. Nasaba za watu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni chakula chao na mwendo wao.

Akashirikiana na Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, na mwaka 1975 wakatoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake. Trowell alishika kwamba kuondoa pumba na nyuzinyuzi katika nafaka ndiko kunakoleta sukari. Akatoa ushahidi wa Uingereza, ambako vifo vya maradhi hayo vilipungua katika miaka ya vita na baada yake, wakati watu walipokula unga usiochekechwa sana. Wengine walimpinga, kwani katika miaka hiyo hiyo sukari na mafuta pia vilitolewa kwa kipimo. Leo imethibitika kwamba nyuzinyuzi zasaidia sana, lakini si sababu peke yake: unene, kukaa pasipo kazi ya mwili, na nasaba vyote vina sehemu yake.

Mfano wake u karibu. Huko Tarime, mkoani Mara, kwenye vilima vya mpakani na Kenya, Wakurya walilelewa kwa ugali wa ulezi, mtama na muhogo, na kwa kutembea nyuma ya ng'ombe. Leo duka la Tarime huuza sembe nyeupe na soda sawasawa na duka la Tanga au Mombasa. Ajidhaniaye salama kwa kuwa babu yake hakuugua, na akumbuke babu yake alikula nini.

Maradhi yenyewe ni haya. Kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari njia ya kutoka katika damu na kuingia mwilini. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu. Ndipo huja kiu, mkojo mwingi, kukonda na uchovu. Na ikipuuzwa huharibu macho, figo na mishipa, hatta kidonda cha mguu kikaishia kwa kukatwa mguu. Dawa yake ni kula dona, kunde na mboga kwa kiasi, kuacha chai ya sukari nyingi, kutembea kila siku, kuangalia nyayo, na kushika dawa ya daktari. Asidhani mtu kwamba dona yatosha badala ya sindano. Aliyekosa insulini kabisa akiiacha hufa. Na atumiaye dawa akitetemeka na kutoka jasho la baridi, na anywe maji ya sukari upesi.

Na katika Ramadhani, mgonjwa aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kwamba saumu itamdhuru ana rukhsa ya kula. Atarajiaye kupona atalipa. Asiyetarajia hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kuikataa rukhsa hatta mtu akaanguka si uchaji, bali ni kujitia katika maangamizi.

Trowell alikufa mwaka 1989. Faida ya maisha yake ni kwamba alitazama kwa miaka thelathini, na alipoona watu wamebadilika akauliza sababu. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa shifaa, na wazima akili ya kujilinda.