Philip Payton: aliwafungulia weusi mulango wa Harlem, lakini deni likamushinda

Philip Payton alizaliwa tarehe 27 Februari 1876 katika muji mudogo wa Westfield, Massachusetts, kule Marekani. Baba yake alikuwa kinyozi, na yeye pia alijifunza ile kazi. Mwaka 1899 alienda New York kutafuta maisha. Alipitia kazi za mushahara mudogo, mwishowe akawa mufagiaji katika ofisi moja ya watu wanaouzisha na kupangisha nyumba. Pale aliona kwamba mutu anaweza kupata feza katika nyumba hata kama si zake.

Mwaka 1900 alifungua ofisi yake pamoja na mwenzake mumoja. Mambo yakawa magumu. Mwenzake akaondoka, na Payton na bibi yake Maggie wakafukuzwa katika nyumba walimopanga. Maggie alishona nguo za watu ili wapate chakula.

Bahati ilikuja kupitia ugomvi wa wenye nyumba wawili katika barabara ya 134, mutaa wa Harlem. Mumoja, kwa kutaka kumukomesha mwenzake, akamupa Payton nyumba aijaze na wapangaji weusi. Wakati ule watu walikuwa wamejenga sana Harlem kwa kungojea treni inayopita chini ya udongo, na nyumba nyingi zilibaki wazi. Weusi nao walikuwa wanabanana katika mitaa mingine, sababu wenye nyumba wengi waliwakatalia. Payton akaunganisha hizi shida mbili.

Namna yake ilikuwa hii: alisaini kontra ya miaka kadhaa na mwenye nyumba, akaahidi kumulipa kiasi kilekile, wapangaji wawepo ao wasiwepo. Kisha alipangisha vyumba kwa bei ya juu kidogo. Kilichobaki kilikuwa faida yake. Hapo kuna uchungu pia: weusi walikuwa wanalipishwa kuliko weupe.

Tarehe 15 Juni 1904 kampuni yake, Afro-American Realty Company, iliandikishwa. Ilitafuta mutaji wa dola 500.000, kwa kuuza hisa 50.000 za dola 10 kila moja, ili hata mutu wa kawaida aweze kushiriki. Kampuni moja ya weupe, Hudson Realty, ilipofukuza wapangaji weusi katika barabara ya 135, Payton alinunua nyumba mbili za jirani, akatoa weupe na kuingiza waliofukuzwa. Hudson ikachoka, ikaachilia. Jina la Payton likajulikana muji muzima.

Lakini hesabu haikuwa imesimama vizuri. Kampuni ilichukua nyumba nyingi kwa haraka, huku mutaji ukiwa mudogo. Wapangaji wakichelewa kulipa, kontra haikungoja. Tena, tangazo la kuuza hisa lilionyesha nyumba kama mali ya kampuni, bila kusema wazi madeni yaliyokuwa juu yake. Mwaka 1906 wenye hisa walimushitaki. Tribinali ilipata kampuni na kosa. Mwaka 1907 banki za New York zikaingia katika taabu kubwa, mukopo ukawa shida kupata. Mwaka 1908 kampuni ikasimama kazi, na watu waliokuwa wametoa akiba yao wakaipoteza.

Payton hakuacha biashara. Aliendelea kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1917 alifanya ununuzi wake mukubwa kuliko yote, wa nyumba sita za gorofa. Mwezi wa Agosti ule mwaka alikufa, akiwa na miaka 41. Harlem ilibaki mutaa wa weusi unaojulikana dunia nzima.

Kwa mutu wa Goma, Bukavu ao Bunia anayetaka kuanza, maisha yake yanaachia maulizo matatu. Kama chumba kikikaa wazi miezi mitatu, deni litalipwa na feza gani? Ile parsele unayoonyeshwa, iko na deni ao kesi, na karatasi zake ziko kwa jina la nani? Na wale unaowaomba mutaji, umewaambia yote? Payton alijua vizuri wapangaji wanatafuta nini. Kilichomuangusha ni madeni, na yale ambayo wenye hisa hawakuambiwa.