Ogata Kōrin

Ogata Kōrin (Kyoto, 1658 – Kyoto, 2 Juni 1716) alikuwa mchoraji na mbunifu wa mapambo kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa michoro yake juu ya viwambo vya kukunja, lakini jina lake limebaki pia katika mapambo ya kimono, zikiwemo nguo nyepesi za majira ya joto.

Familia na duka la nguo

Kōrin alikuwa mtoto wa pili wa Ogata Sōken, mfanyabiashara tajiri wa Kyoto. Familia yake ilimiliki duka la nguo lililoitwa Kariganeya, ambalo liliuza kosode, vazi lililotangulia kimono ya leo. Mteja wake mkubwa alikuwa Tōfukumon-in, mke wa Kaisari Go-Mizunoo na binti wa shogun. Hivyo Kōrin alikua akiona vitambaa bora vya hariri na vitabu vya mifano ya mapambo. Alijifunza pia kuchora na kuigiza michezo ya Noh.

Tōfukumon-in alifariki mwaka 1678, na biashara ikaanza kudidimia. Aidha, fedha ambazo familia iliwakopesha mabwana wa majimbo hazikurudishwa zote. Sōken alipofariki mwaka 1687, Kōrin alirithi nyumba na mali nyingine, lakini aliishi kwa anasa na mali hiyo ikaisha. Aliweka vitu vyake rehani na kukopa hata kwa mdogo wake, mfinyanzi Ogata Kenzan. Umaskini huo ndio uliomfanya auchukue uchoraji kuwa kazi ya kumpatia riziki, akiwa tayari mtu mzima.

Kazi ya uchoraji

Mwaka 1701 Kōrin alipewa cheo cha heshima cha hokkyō, kilichotolewa kwa wasanii waliokubalika. Kati ya kazi zake mashuhuri ni jozi ya viwambo vyenye maua ya airisi, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Nezu mjini Tokyo. Maua ya buluu na majani ya kijani yamepangwa juu ya dhahabu tupu, na baadhi ya mafungu yanarudiwa kwa umbo lilelile. Wataalamu wengi huona hapo athari ya duka la nguo, kwa kuwa mafundi wa vitambaa walirudia pambo moja kwa kutumia karatasi zilizokatwa matundu. Kazi nyingine ni viwambo vya miti ya mplamu yenye maua mekundu na meupe, vilivyomo katika makumbusho ya MOA mjini Atami. Kōrin alipamba pia vyombo vya laka, na alichora juu ya sahani zilizofinyangwa na Kenzan.

Kosode ya Fuyuki

Mnamo mwaka 1704 Kōrin alihamia Edo (leo Tokyo) kutafuta wafadhili, akakaa huko miaka kadhaa. Akiwa Edo alihifadhiwa na familia ya Fuyuki, wafanyabiashara wa mbao. Kwa ajili ya mke wa nyumba hiyo alichora kosode ya hariri nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Mapambo yake ni mimea ya majira ya kupukutika majani, kama vile krisanthemu na nyasi ndefu, kwa wino na rangi hafifu. Vazi hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Vazi huchakaa kwa kuvaliwa, kwa hiyo ni nadra kupata nguo ya wakati huo iliyochorwa na msanii anayejulikana kwa jina.

Mapambo ya majira ya joto

Nchini Japani mapambo ya nguo hufuata majira. Joto la kiangazi ni kali na lenye unyevu, kwa hiyo watu walivaa katabira, vazi lisilo na bitana lililofumwa kwa nyuzi za katani au rami. Yukata, vazi la pamba la siku hizi, limetokana na katabira iliyovaliwa wakati wa kuoga. Kwenye nguo hizo huchorwa maji, mawimbi, maua ya airisi na hata mimea ya majira yanayofuata, ili anayezitazama akumbuke ubaridi.

Mtindo wa Kōrin ulifaa sana kwa kazi hiyo. Ua la mplamu alilifanya kuwa duara lenye mikato michache, na maji yakawa mistari inayojipinda. Umbo la namna hiyo ni rahisi kukatwa katika karatasi, kupakwa uji wa mchele unaozuia rangi, kisha kitambaa kutiwa nili.

Urithi

Kōrin alirudi Kyoto na kufariki huko mwaka 1716. Baada ya kifo chake, vitabu vya mifano ya kimono vilieneza mapambo yaliyoitwa kwa jina lake, ingawa mengi hakuyachora mwenyewe. Mwaka 1815 mchoraji Sakai Hōitsu aliadhimisha miaka 100 ya kifo chake na kutoa kitabu cha nakala za michoro yake. Baadaye mkondo mzima wa sanaa hiyo uliitwa Rinpa, kutokana na silabi ya mwisho ya jina lake. Mawimbi, krisanthemu na maua ya mplamu ya Kōrin bado huonekana kwenye yukata hadi leo.