Kabla hujamtaja Mwana Kupona tena, msome kwanza

Najua umewahi kukutana naye mtandaoni. Mtu anaweka picha ya bibi harusi aliyepambwa kwa hina, chini yake anaandika kwamba mke mwema ni yule anayenyamaza, halafu anapachika jina la Mwana Kupona kama muhuri. Wewe unabonyeza kopa, unapita. Mimi pia nimewahi kusambaza posti ya aina hiyo, na wakati huo sikuwa nimesoma hata ubeti mmoja wa huyo mama. Nilipousoma utendi wenyewe, niliona haya.

Basi hebu keti kidogo nikusimulie maisha yake. Ukimaliza, utaamua mwenyewe kama posti hiyo bado inakufaa.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Kama hujawahi kufika huko, jua kwamba ni safari ya boti kutoka mji wa Lamu, na ukitaka kuingia Siu inabidi usubiri maji yajae, maana mkono wa bahari unaoelekea mjini hukauka maji yakitoka. Usiudharau mji huo kwa udogo wake. Enzi hizo Siu ilisifika kwa milango ya nakshi na kwa waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Kisiwa kizima kilikuwa cha watu wa kalamu. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ulitungwa Pate. Lakini ukiorodhesha watunzi wa zamani waliohifadhiwa majina, wengi ni wanaume. Ndipo lilipo jina la huyu mama, na halikufutika.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Huyu hakuwa mume wa kukaa barazani akipunga upepo. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alitaka pwani yote imtii, naye Mataka akakataa. Vuta nikuvute hiyo ilichukua karibu miaka 20. Katika miaka ya 1840 Zanzibar ilituma jeshi kubwa Pate, likapigwa vibaya na kamanda wake akauawa. Sasa fikiria kuwa mke katika nyumba hiyo: mumeo ni mtu anayewindwa na dola, na kila tanga linalotokea baharini linaweza kuwa la rafiki au la adui. Hapo ndipo Mwana Kupona alipolea watoto wake, akiwemo binti aliyeitwa Mwana Hashima.

Mwaka 1856 Mataka akafariki. Mwaka huohuo Seyyid Said naye akafa. Ungedhani vita vingekufa nao, lakini wapi! Uhasama ukarithiwa, na katika miaka ya 1860 Siu ikaishia mikononi mwa Zanzibar chini ya Sayyid Majid. Mwana Kupona akabaki mjane katika mji ulio hatarini. Kisha maradhi yakamshika, yakakaa naye mwaka mzima.

Nataka uielewe hali hiyo kabla hatujafika kwenye utendi. Ni mwaka 1858. Mama anajua haponi. Binti yake ana miaka kama 17, baba hayupo, mama naye yuko njiani kuondoka. Ni binti wa mtu aliyepigana na Sultani. Nani atamlinda? Fedha zinaweza kuporwa na nyumba inaweza kubomolewa. Kwa msichana wa tabaka lake, ngao iliyobaki ilikuwa ndoa nzuri na heshima mbele ya watu. Mama akamwita binti, akamwambia alete wino na karatasi, akaanza kumpa wosia kwa mashairi.

Wosia wenyewe una nini? Sitakuficha. Unamwambia binti kwamba ana wajibu kwa watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Unamwambia kwamba radhi ya mume itahesabiwa mpaka Akhera. Asitoke bila idhini, na akitoka asikawie njiani. Asafishe nyumba, ajitie manukato, avae vito. Umo pia ubeti unaomkataza kuchanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, ambao unatukumbusha kwamba alikuwa bibi wa tabaka la juu katika jamii iliyomiliki watu. Hilo ni doa na sioni sababu ya kulipaka rangi. Lakini kuna mengine ambayo hayafiki kwenye posti: awe na adabu kwa kila mtu, asiseme uongo wala kufitini, awakumbuke maskini.

Halafu kuna sehemu inayonichekesha kila nikiirudia. Anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Amkande, ampepee akilala, asimwamshe kwa ghafla, amnyoe na kumtengeneza ndevu. Sasa wewe niambie, katika picha hiyo nani ni mtu mzima na nani ni mtoto? Mwaka 1991 mtafiti Ann Biersteker aliuchambua utendi huu upya na kuonyesha kwamba unaweza kusomwa kwa jicho la kejeli, kama mafunzo ya mwanamke anayejua nguvu iko wapi na namna ya kuishi nayo. Si lazima ukubali. Lakini ukishausoma hivyo mara moja, huwezi tena kumwona Mwana Kupona kama mwanamke asiye na akili yake.

Anapogusia ndoa yake mwenyewe, anasimulia furaha na vicheko, na kwamba hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima hadi siku Mataka alipoaga dunia akiwa radhi naye. Heshima hiyo ilikuwa ya pande mbili. Umewahi kuiona posti yenye sehemu hiyo? Mimi bado.

Mwishoni alifanya jambo la mtu anayejua thamani ya kazi yake. Alijitaja kuwa ndiye mtunzi, akataja idadi ya beti, 102, na mwaka wa Hijria, 1275. Kisha akawaalika wanawake wote wausome na waelewe maana yake. Miaka michache baadaye akafariki. Mwana Hashima aliishi mpaka karne ya 20.

Utendi nao ukaanza safari yake. Wanawake waliunakili na kuuhifadhi kwa moyo. Mwaka 1917 Mwingereza Alice Werner aliuchapisha, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa kama kitabu. Pwani ulijulikana kwa jina la mwenyewe tu, lakini kitabu hicho kilipewa jina la Kiingereza linalosema huu ni ushauri kuhusu wajibu wa mke. Maradhi, ujane, vita na binti anayekaribia kuwa yatima havikuingia kwenye jalada. Umeona jinsi mtu anavyofupishwa?

Na bado tunaendelea kufupisha. Washa redio, fungua YouTube, utakuta mwanamke katika nyimbo na video zetu ana vyumba viwili tu vya kulala: ama ni mla pesa asiyeaminika, ama ni malaika wa jikoni asiye na sauti. Mwaka 2020 mchekeshaji Eric Omondi alianzisha mtandaoni shindano lake la Wife Material, mabinti wakishindania kuwa mke wake. Mwaka uliofuata Bodi ya Filamu ikaingilia kati, na mabishano yakawa ya maadili. Mimi kilichonikera si nguo wala mikao. Ni ile fikra kwamba mwanamke hupangwa kwenye foleni, apimwe kwa macho ya mwanamume, apewe alama. Ajabu ni kwamba wanaolaani vipindi kama hivyo humleta Mwana Kupona kama dawa, kisha nao wanapima vilevile. Mizani ni ileile, wamebadilisha nguo tu.

Mwana Kupona hakuwa akitafuta mke wa mtu. Alikuwa mama aliyebakiwa na muda mchache, akimpa mwanawe kila alichojua kuhusu kuishi salama katika dunia ile. Baadhi ya aliyoyasema ungali unaweza kuyatumia, na mengine yamebaki na karne yake. Ni haki yako kuchambua. Ila huwezi kuchambua usichokisoma.

Kwa hivyo utafute. Lugha ni Kiamu, itakusumbua kidogo mwanzoni. Ukikutana na moya ujue ni moja, ukikutana na kuya ujue ni kuja. Kama una bibi au shangazi wa pwani, mwombe akusaidie, huenda akakukariria beti ambazo hata vitabuni hujaziona vizuri. Yeye mwenyewe aliomba kitu kimoja kwa wanawake wote watakaokuja: wasome, waelewe. Tumelichukua jina lake tukaliacha ombi lake. Siku nyingine ukiona jina hilo chini ya picha ya bibi harusi, muulize aliyeiweka: umefika ubeti wa ngapi?