Bomani alianzia sokoni

Paul Bomani, mzaliwa wa 1925, hakuanza na vitabu vya masoko. Alifanya kazi katika chama cha wafanyabiashara Waafrika Mwanza, akaona wakulima wa pamba wanavyopunjwa kwenye mizani. Akawaunganisha, kisha ndo akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Victoria Federation, yeye meneja mkuu. Baadaye uwaziri, ubalozi Marekani; alifariki 2005.

Soko kwanza, darasa baadaye. Sisi wa ualimu tunageuza. Nikiwa mafunzo kwa vitendo Mugoma nilifundisha masoko kwa chaki tu, darasa likasinzia. Kesho yake nikaazima mizani, nikaleta gunia la maharage lililojazwa lumbesa. Tulipima mpaka kengele ikalia, na hawakutoka.