Tennessee Williams

Thomas Lanier Williams (anajulikana zaidi kama Tennessee Williams, 26 Machi 1911 – 25 Februari 1983) alikuwa mwandishi wa tamthilia kutoka nchini Marekani.

Maisha

Alizaliwa mjini Columbus, Mississippi, akakulia St. Louis, Missouri, alikofanya kazi katika kampuni ya viatu. Dada yake, Rose, aliugua skizofrenia. Mwaka 1943 Rose alifanyiwa lobotomia, yaani upasuaji wa ubongo, akabaki kuhitaji matunzo maisha yake yote.

Kazi zake

Tamthilia yake The Glass Menagerie ilionyeshwa kwanza Chicago mwaka 1944. Humo Tom, mfanyakazi wa ghala la viatu, anamtunza mama yake pamoja na dada yake Laura, mwenye haya nyingi na ulemavu wa mguu. Mwishowe anawaacha, lakini kumbukumbu ya dada yake haimwachi. Suddenly Last Summer (1958) inahusu msichana anayetishiwa kufanyiwa lobotomia.

Williams alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1948 na 1955. Tofauti na Tom, aligharimia matunzo ya dada yake, na katika wosia wake alimtengea fedha. Rose alifariki mwaka 1996.