Mekatilili: Kutoka Kisii Hadi Kayani

Ukikosa nauli hapa Nyayo Highrise na uamue kupiga mguu hadi tao, unaanza kulalamika hata kabla Barabara ya Mbagathi haijaisha. Sasa fikiria mama mtu mzima akitoroka Kisii kurudi kwao Pwani, zaidi ya kilomita 600. Huyo ni Mekatilili wa Menza.

Mwaka 1913 Waingereza waliwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba na kutoa vijana wakafanye kazi ya mashamba. Mekatilili akapita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Akawakusanya Kaya Fungo, msitu mtakatifu ambako hata mti haukatwi ovyo. Huko wakala viapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hakuna kumtumikia mzungu. Na kaya ilikuwa mambo ya wazee wanaume, kwa hivyo mama kusikizwa pale haikuwa mchezo.

Oktoba alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka. Angeweza kujificha popote njiani, lakini alirudi palepale alipokuwa akitafutwa.

Agosti 1914 serikali ililipua kaya kwa baruti, na vita vikawaka. Mekatilili akashikwa tena, akaachiliwa 1919. Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Kaya Fungo nayo bado ni msitu, na tangu 2008 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.